Aliuliza mafao, tukasema hana ikhlasi

Wiki hii naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa jopo la kuwasaili walimu wa shule moja ya sekondari ya Kiislamu hapa Dar es Salaam. Akaingia dada mmoja, mwalimu wa fizikia, aliyejibu maswali yetu yote vizuri. Mwisho mwenyekiti akamuuliza, kama ilivyo ada, iwapo naye ana swali. Akasema anayo matatu: Je, shule inapeleka michango NSSF? Likizo ya uzazi inalipwa? Na mwalimu akiugua, nani anamtibu?

Alipotoka tu, mzee mmoja akatikisa kichwa. "Huyu hana ikhlasi. Hajashika hata chaki anauliza mafao! Amekuja kutafuta dunia." Wengine wakaitikia. Mimi nilinyamaza, na dada yule hakuajiriwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: hivi kuuliza haki yako kabla ya kuanza kazi ni kukosa tawakkul?

Tumtazame Nabii Musa (a.s.). Alipofika Madyan aliwanyweshea mifugo wale mabinti wawili bila kudai malipo yoyote. Ile ilikuwa ihsani. Lakini baba yao alipotaka kumwajiri, habari ikabadilika. Suratul Qasas, aya ya 27 na 28, inatueleza kuwa muda ulitajwa, miaka minane, na kumi ikiwa Musa mwenyewe atapenda. Malipo yakatajwa, nayo ni kuozwa mmoja wa mabinti. Musa naye akaweka wazi kwamba akitimiza muda wowote kati ya hiyo miwili, asidhulumiwe. Kisha Allah (s.w.) akafanywa shahidi. Nani atathubutu kusema Nabii wa Allah alikosa ikhlasi?

Na Sayyidna Abubakar (r.a.), baada ya kupewa ukhalifa, alionekana akielekea sokoni na nguo zake za kuuza, kwani ahli zake walihitaji kula. Masahaba wakamkatia posho kutoka Baitul Mali. Hakuna aliyemwambia afanye kazi ya Allah na wanawe wale hewa.

Sisi tunachanganya mambo mawili. Tunapotaka mwalimu afike saa moja asubuhi na tumkate mshahara akichelewa, hapo ni mwajiriwa. Akiuliza stahiki zake, ghafla amekuwa mtu wa kujitolea fii sabilillah!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mama aliyejifungua siku 84 zenye malipo. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Mwalimu wa mshahara wa shilingi 400,000 anatakiwa kuwekewa 80,000 kila mwezi. Kwa miaka 10 hizo ni 9,600,000. (Fedha hizo zinawekezwa wapi, na riba inaingiaje, ni mjadala mwingine ambao masheikh wetu wanaukwepa mno.) Anayemkata mwalimu kisha asipeleke amekula amana, na jina la Kiislamu lililoandikwa getini halibadilishi hukumu.

Nitaambiwa shule zetu ni maskini, ada hazilipwi. Ni kweli, nimeziona hesabu zake. Basi aambiwe hivyo hivyo mwombaji, pale mezani, kabla hajatia saini. Wapo watakaokubali pungufu kwa ajili ya Allah, na hiyo itakuwa sadaka yao. Lakini mtu hatoi sadaka asiyoijua. Mwalimu anayekuja kugundua akiwa na mimba ya miezi minane kwamba hakuna likizo yenye malipo, huyo hajatoa kitu; amechukuliwa.

Mwaka jana nilikutana na dada yule Kariakoo. Anafundisha shule nyingine binafsi. Alinisalimia kwa heshima zote, "shikamoo mzee wangu", kisha akaniuliza kama tulimpata mwalimu wa fizikia. Nikamjibu kuwa tulimpata, akakaa muhula mmoja. Hakuniuliza kwa nini aliondoka.