Pumzi ya Mtoto

Mtoto akilia kwa hasira, sisi wazazi twapaza sauti: "Nyamaza!" Kinywa kinafungwa, moyo unabaki kuwaka. Je, hiyo ni adabu ao ni woga tu?

Mungu alimpulizia mtu pumzi ya uzima (Mwanzo 2:7). Tukae chini na mtoto, tumuulize: "Una hasira? Unaogopa?" Aseme. Kisha tuvute pumzi polepole pamoja naye, tuitoe polepole zaidi, mpaka moyo utulie.

Lakini mzazi anayewaka hawezi kumtuliza mtoto. Papa Simon Kimbangu alifungwa miaka 30, akafa katika mji wetu huu tarehe 12 Oktoba 1951. Hakutufundisha kulipiza ubaya. Basi tutulie sisi kwanza. Amina.