Jina Ni la Nani?

Wahenga walisema kuwa jina jema hung'ara gizani. Methali hii tunaitumia sana, lakini tukiichunguza tutaona kuwa haizungumzii jina analopewa mtoto mchanga. Inazungumzia sifa ambayo mtu huijenga kwa matendo yake mwenyewe. Jina la kuzaliwa ni jambo jingine. Mwenye jina halijengi wala halichagui. Huchaguliwa na wengine wakati yeye hajui hata kuomba maji. Ndiyo maana mzazi mwenye kufikiri huweza kukaa macho usiku akijiuliza: Je, jina nililompa mwanangu linamfaa? Na kama halimfai, ninayo haki ya kulibadili?

Katika miaka niliyofundisha na kuongoza shule za msingi, kwanza Shinyanga na baadaye upande wa Geita, niliandika majina mengi katika daftari la uandikishaji. Daftari hilo, ndugu msomaji, ukilisoma kwa utulivu ni kitabu cha historia. Kwetu Usukumani, Mabula na Kabula ni watoto wa mvua. Nyanzala ni binti aliyezaliwa wakati wa njaa. Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ndiye anayewafuata. Makoye maana yake ni matatizo. Babu zetu hawakuwa na kalenda ukutani. Mtoto ndiye aliyekuwa kalenda yao. Huko kwenye machimbo ya dhahabu, ambako mtu huweza kulala maskini akaamka tajiri, na wengi zaidi hulala maskini wakaamka hivyo hivyo, niliandika akina Bahati na Riziki. Niliandika pia akina Shida, Tabu na Masumbuko.

Kwa hiyo jina lina kazi mbili. Hutunza kumbukumbu ya waliolitoa, na humtambulisha anayelibeba. Kazi hizi zikipatana hakuna wasiwasi. Zikigombana, mzazi hukosa usingizi.

Nilipokwisha kustaafu alinijia mama mmoja kijana, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu. Mumewe alikuwa mchimbaji mdogo, na alifukiwa na kifusi duara lilipoporomoka, wiki tatu kabla mtoto wao hajazaliwa. Baba mkwe akampa mtoto jina la Makoye. Mama alipokuja kwangu mtoto alikuwa na wiki sita, amefungwa mgongoni. Baada ya kunisalimu alisema, "Mwalimu, kila ninapomwita naona lile shimo. Lakini nikikataa jina, mzee atasema nimemsahau mwanawe."

Swali lake halikuwa jepesi, kwa sababu wote wawili walikuwa na hoja. Mzee hakumlaani mjukuu. Alifanya kama walivyofanya baba zake: aliandika msiba mahali ambapo hautafutika. Kufuta jina ni kama kuchana ukurasa. Lakini mama naye aliona jambo ambalo mzee hakuliona. Mtoto si kaburi la kuandikia msiba. Huyu atakwenda shule, ataitwa jina lake kila asubuhi, atauliza maana yake, na ataambiwa kuwa kuzaliwa kwake kulikwenda pamoja na matatizo. Je, ni haki kumtwika mtoto huzuni ambayo watu wazima wameshindwa kuibeba?

Wako wanaoogopa kuwa kubadili jina huleta mkosi. Hao huwakumbusha habari za Butiama. Mwaka 1922 alizaliwa huko mtoto wa Chifu Nyerere Burito. Inasimuliwa kuwa kwanza aliitwa Mugendi, yaani mtembezi kwa Kizanaki. Haukupita muda, kwa ushauri wa mpiga ramli, jina hilo likaachwa akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Mwaka 1943 alipobatizwa akapata na jina la Julius. Leo uwanja wa michezo wa mjini Shinyanga unaitwa Kambarage, na sijamsikia mtu akilalamika kuwa ungepaswa kuitwa Mugendi.

Lakini habari hizo zina upande wa pili. Jina la baba yake, Nyerere, maana yake kwa Kizanaki ni kiwavi. Alipewa kwa sababu alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi yao. Lilikuwa jina la balaa, na hilo halikubadilishwa. Nani leo akisikia Nyerere hufikiria mdudu anayekula mazao? Mwana alilijaza jina hilo mambo mengine hata maana ya kwanza ikasahaulika.

Vitabu vya dini navyo havikulinyamazia jambo hili. Katika Mwanzo, Raheli akiwa katika kukata roho alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wake. Yakobo akamwita Benyamini. Waislamu nao husimulia kuwa Mtume Muhammad alimbadili jina mwanamke aliyeitwa kwa neno lenye maana ya muasi, akamwita Jamila.

Basi mpaka uko wapi? Mimi nilifundishwa na mtoto. Katika shule moja tulikuwa na mvulana wa darasa la tatu aliyeitwa Shida. Mwalimu mmoja kijana, kwa huruma, alimwambia kuwa tungeweza kumtafutia jina zuri zaidi. Mtoto akafikiri kidogo, kisha akasema, "Mama akiniita hilo jingine, nitajuaje kuwa ananiita mimi?" Mwalimu alikosa la kusema. Kwetu sisi neno lile lilikuwa shida. Kwake lilikuwa sauti ya mama yake jioni akimwita kula.

Tangu hapo nimeamini kuwa jina ni la aliyelitoa mpaka siku mtoto anapoliitikia. Kabla ya hapo, mzazi mwenye mashaka anaweza kulibadili bila aibu. Hata sheria yetu imetoa siku 90 za kuandikisha kizazi. Mtoto akishageuza kichwa anapoitwa, jina limekwisha hama mikono. Akija kulichukia ukubwani, ipo hati ya kubadili jina, na uamuzi utakuwa wake. Kazi ya mzazi wakati huo ni kulitamka kwa upendo hata maana yake ngumu ilainike.

Yule mama nilimwambia kuwa muda bado anao, lakini asiutumie peke yake. Alikwenda kwa mkwe wake. Mzee alinyamaza sana, kisha akauliza swali moja tu: nani atamkumbusha mtoto habari za baba yake? Mama akamjibu, "Wewe, baba." Wakakubaliana mtoto aitwe kwa jina la marehemu baba yake.

Naona walichagua vyema. Kumbukumbu ilibaki, ila sasa ilikuwa kumbukumbu ya mtu, si ya shimo. Mzazi anayeona shaka juu ya jina asiidharau shaka hiyo, wala asikimbilie kubadili. Ajiulize kwanza: nilipotoa jina hili, nilikuwa namtazama mtoto, au nilikuwa najitazama mwenyewe?