Maji Yale Yale: Je, Nia Njema Yatosha?



Ndugu zangu katika imani, Ramadhani iliyopita nilifanya makosa mawili ndani ya siku moja, yote mawili kwa nia safi kabisa. Nayaandika hapa kwa sababu swali yaliloniachia ni letu sote: mtu akikusudia kheri, kisha mkono wake ukaleta madhara, nia yake yamtosha?

Kosa la kwanza lilianza mchana, bwenini kwetu hapa Mbale. Mwenzangu wa chumbani alikuwa akiharisha na kutapika tangu baada ya daku. Kufika adhuhuri midomo ilikuwa imemkauka, macho yameingia ndani, na hajapata haja ndogo tangu alfajiri. Akaniuliza, "Ustadhi, nifungue?" Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na wenzangu wamenifanya mufti wa bweni. Nikamjibu, "Vumilia, zimebaki saa chache tu, na ujira ni mkubwa."

Vijana wawili waliokuwepo wakaanza kubishana kama dripu inabatilisha swaumu. Nami nikajitosa. Nikataja uamuzi wa Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, Jeddah, mwaka 1997, uliotofautisha sindano ya dawa na maji ya lishe. Mjadala ukanoga. Aliyelala kitandani hakuna aliyemgusa hata mkono.

Magharibi ilipoingia hakuweza kusimama. Tulimfikisha hospitali kwa bodaboda, tumembana katikati asianguke. Muuguzi alimfinya ngozi ya tumbo, ikachelewa kurudi. Akamtundikia chupa ya maji na kuifungulia kwa kasi. Alinieleza huku akifanya kazi: kiasi cha asilimia 60 ya mwili wa mwanamume mzima ni maji, na anayeharisha hapotezi maji peke yake, anapoteza na chumvi. Yakipungua sana, damu haisukumwi vya kutosha, na figo ni miongoni mwa vinavyoumia mapema. Usiku, baada ya chupa kadhaa, rafiki yangu aliomba kupelekwa msalani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Mwislamu amefundishwa kumtaja Mola wake hata akitoka chooni.

Kosa la pili lilikuwa kitanda cha pili. Mama mmoja alimpakata mtoto wa miaka kama mitatu, ana homa kali, viganja vyeupe. Dripu yake ilidondoka tone moja moja. Mama akaniambia, "Mwanangu, wewe msomi, mwambie sista na huyu amfungulie maji kama ya mwenzako." Nikapandwa na hasira ya haki. Nikamwendea muuguzi: "Sista, huyu mnamwacha kwa sababu mama yake hana kitu?"

Hakukasirika. Alisema, "Huyo ana malaria, na damu imemwishia. Nikimmiminia maji kama ya rafiki yako, naweza kumuua. Anangoja damu, na imeshaitishwa." Nikarudi kukaa, sina la kumwambia yule mama ila hilo hilo. Damu ililetwa kabla ya daku.

Siku zilizofuata nilimtafuta mwanafunzi wa udaktari anifafanulie. Kumbe jambo hilo lilipimwa hapa hapa kwetu. Miongozo ya nchi tajiri ilielekeza kuwa mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri apewe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Utafiti uitwao FEAST uliipima kanuni hiyo kwa watoto 3,141 katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania, zikiwemo za Mbale, Soroti, Kilifi na Muheza. Wengi wao walikuwa na malaria. Wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa, kwa kuwa hali yao ni nyingine. Matokeo yalichapishwa 2011. Katika kila watoto 100 waliomiminiwa maji ya haraka, 10 hadi 11 walifariki ndani ya saa 48. Katika kila 100 waliopewa maji taratibu tu, walifariki 7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake ili wengine wasidhurike.

Nilipoyasikia hayo nikakumbuka hadithi tuliyoisoma darasani katika Sunan Abi Dawud, kutoka kwa Jabir, Allah amridhie. Mtu mmoja alipasuliwa kichwa na jiwe safarini, kisha akapata janaba. Akawauliza wenzake kama ana rukhsa ya kutayamamu. Wakasema hawaoni rukhsa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwalaumu vikali, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Nimeisoma hadithi hiyo mara nyingi katika mlango wa tohara. Siku ile niliisoma kama habari yangu. Wale hawakuwa watu waovu. Waliilinda ibada, kama nilivyodhani nailinda mimi.

Atatokea wa kuniambia: lakini amali huzingatiwa kwa nia. Ni kweli, na mimi naitarajia rehema ya Allah kwa hilo. Ila nia ni jambo baina yangu na Mola wangu; figo za rafiki yangu hazikuijua. Sheria nayo imeweka jambo hilo wazi: anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya alichoharibu, wala haulizwi kwanza kama alikuwa na huruma.

Je, madaktari waliofuata kanuni ile kabla ya 2011 nao walaumiwe? Sioni hivyo. Mwenye elimu akijitahidi akakosea ana ujira mmoja. Zaidi ya hapo, wao wenyewe ndio waliosimama kuuliza, wakahesabu, na jibu lilipowapinga wakalitangaza. Mimi nilikosea kabla ya kuuliza chochote. Tofauti yetu haikuwa kwenye nia, kwani wote tulitaka kheri. Ilikuwa kwenye kukiri kwamba hatujui.

Suratu Rahman inatukumbusha kuwa Allah ameweka mizani, na kwamba tusiipunje. Zamani niliielewa kuwa ni ya dukani. Sasa naiona hata katika chupa ya maji: kumnyima mwenye kiu ni kupunja, na kummiminia asiyeyahimili ni dhulma vilevile.

Basi naomba mambo mawili. La kwanza, kabla ya Ramadhani ijayo jumuiya yetu iwaite ndugu zetu wa udaktari na uuguzi wakae nasi kwenye darsa, wao waseme mwili, sisi tuseme fiqhi. La pili, mwenzako akiharisha, mwambie afungue, maana mgonjwa amepewa rukhsa, na akichelea kuangamia ni wajibu. Kama hakuna pakiti ya ORS, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya msawazo, anywe kidogo kidogo. Asiponyanyuka, mkimbize hospitali. Mjadala wa dripu na swaumu utawasubiri. Kadha italipwa na aliye hai.

Wallahu a'lam.