Je, Ni Halali Kuuza Ubao Mbichi?

Mmekwisha kuona mbao zikipandishwa kutoka misitu ya Walikale, na zile za mikaratusi zikipasuliwa katika vilima vya Masisi. Tujiulize leo juu ya kazi ya seremala.

Fundi akitaka kusawazisha ubao mpana, huulaza mezani, upande wenye bonde ukiwa chini, na kutia kabari ili usicheze. Huweka fito mbili zilizonyooka, moja kila mwisho, huinama na kuzitazama: zisipolingana, ubao umepinda. Hupiga randa kimshazari na kuondoa vilima. Halafu hufuata nyuzi za mti, mpaka rula ikae bila mwanga kupenya chini yake.

Kazi hiyo ni njema. Lakini ubao ukiwa mbichi, usawa wake ni wa leo tu. Maji yakitoka, ubao husinyaa, tena husinyaa zaidi kwa kufuata mzunguko wa pete za mti kuliko kutoka moyoni kwenda gandani. Kwa hiyo ubao mpana hujikunja kama kigae.

Mjane mmoja, aliyerudi kijijini baada ya kukimbia vita, aliagiza mlango. Alipewa mlango wa mbao pana uliong'aa. Jua la Julai lilipowaka, ukajikunja. Komeo halikufika tena tunduni mwake. Mama akawa analala akiuzuia kwa jiwe, na kila kishindo cha usiku kikamwamsha.

Je, fundi alikosa? Wengine husema: "Mama alitazama, akaridhika, akalipa. Tena watoto wa fundi walikuwa na njaa."

Tunajibu: Mama aliona uso wa ubao, maji ya ndani hakuweza kuyaona. Fundi aliyajua. Anayejua kasoro iliyofichika, akanyamaza ili apate bei ya kitu kizima, huchukua mali isiyo yake, na amri ya saba yamkataza. Njaa ya watoto ni kweli, na tumhurumie. Lakini haikumpa haki juu ya usingizi wa mjane.

Afanye nini basi? Aseme: "Mama, mti huu haujakauka." Kisha mama achague: angoje mbao zikauke chini ya paa, zikiwa zimetengwa kwa vijiti ili upepo upite, au apewe mlango wa mbao nyembamba, ambazo hujikunja kidogo, au alipe bei ndogo, akijua anachonunua.

Nawe usiye seremala, je, gunia lako la viazi lina vikubwa juu na vibovu chini? Swali ni lile lile.

Na aliyekwisha kuuza? Arudi na randa yake, autengeneze mlango bila malipo. Kutubu kwa midomo peke yake hakufungi mlango wa mjane.