Mwizi na Moyo wa Wasiwasi

Ukipita njia ya kutoka Migori kwenda Homa Bay, ewe msomaji, tazama nyaya na miiba iliyo kando ya mashamba. Huenda ukamwona mbwigu, ndege mweusi mgongoni na mweupe kifuani, ambaye huwatunga panzi na mijusi katika miiba ili awale baadaye. Akiba yake i wazi mbele ya kila apitaye.

Wako ndege wengine ambao huzificha akiba zao. Magharibi ya Marekani yuko ndege wa buluu, wa jamii ya kunguru, ambaye hufukia chakula chake. Mwaka 2001 wataalamu wawili, Nathan Emery na Nicola Clayton, walieleza jambo la ajabu juu yake. Ndege aliyetazamwa na mwenziwe alipokuwa akificha, alirudi baadaye akiwa peke yake, akakihamisha chakula mahali papya. Walakini si wote waliofanya hivyo. Waliohamisha ni wale waliokwisha kuiba akiba za wenzao. Wasiopata kuiba hawakujisumbua sana.

Je, ndege huyu ni mdanganyifu? Nionavyo mimi, sivyo. Kuficha kilicho chako si kudanganya. Lakini yatupasa tujitazame katika kioo chake. Mchuuzi abonyezaye kitako cha gorogoro ili apunje mahindi anajua vema mnunuzi anaona nini na haoni nini. Naye aendapo kununua, hukipindua kila kipimo, kwani humdhania kila mtu kuwa kama yeye. Faida ameipata, amani hana.

Pengine utaniuliza, "Je, mwaminifu hatakuwa mjinga wa kuibiwa kila siku?" Swali lako ni la haki. Lakini binadamu ana njia asiyokuwa nayo ndege: aweza kufunzwa hadhari na wazee wake pasipo kuonja wizi. Tena, kuyajua mawazo ya mwenzako si dhambi. Kwa ujuzi uo huo, mchuuzi mwema huijaza gorogoro mpaka ifurike, akijua ya kuwa mnunuzi ana mashaka.

Wahenga walisema: Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Nami naongeza kwamba hata kisipoliwa, mwenyewe hukesha akikilinda.