Motokaa Isiyopandwa: Iwekwe au Iuzwe?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyewapa waja Wake vipando vya bara na vya bahari. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Katika mas'ala wanayoulizana Waislamu wa zama hizi, na majibu yake yakawa mengi kwa ulimi na machache kwa ilimu, ni mas'ala ya mtu mwenye chombo cha thamani asichokitumia. Na mfano wake ni mtu wa Kibeta, katika mji wa Bukoba, mwenye kibanja cha migomba na kahawa, na duka mjini. Mtu huyu amenunua motokaa ya mbio, fupi, ya viti viwili, iliyotoka Japani, ikashushwa bandari ya Dar es Salaam, ikaletwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 mpaka kando ya Ziwa Viktoria. Huko mvua ni nyingi, na njia za vilimani zina udongo na mawe. Tumbo la motokaa hukwaruza chini. Basi huitoa bandani mara mbili tatu kwa mwaka, siku ya Idi au siku ya arusi, kisha huirudisha akaifunika turubai. Kwa shughuli zake za kila siku hupanda gari jingine. Je, aiweke au aiuze?

Wala asiseme mtu wa pwani kuwa hayo ni mambo ya watu wa bara. Mashua iliyopandishwa mchangani mpaka mbao zikapasuka, na saa ya dhahabu isiyotoka sandukuni, hukumu yake ni moja na motokaa ile.

Kwa dhahiri ya sheria mtu huyu hana lawama. Zaka haimpasi, kwani katika madhehebu ya Imamu Shafii chombo alichokinunua mtu kwa matumizi yake mwenyewe, si kwa nia ya biashara, hakina zaka hata kikiwa na thamani kubwa. Wala hahesabiwi mbadhirifu wa kuzuiliwa mali yake: Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu cha hajri, amesahihisha kauli ya kuwa kutumia mali katika vyakula na nguo zisizolingana na hali ya mtu si ubadhirifu, na vipando hukisiwa juu ya hayo. Hata serikali ya Tanzania mwaka 2017 iliiondoa ada ya leseni ya gari iliyokuwa ikilipwa kila mwaka, ikaongeza kodi katika mafuta. Basi motokaa isiyokunywa petroli haitozwi hata hiyo. Masikini hana fungu ndani yake, na hazina ya serikali haina fungu ndani yake.

Wengi wakifika hapa hufunga kitabu, wakasema: halali ni halali. Walakini kitabu hakijesha, na milango miwili ya fikihi bado haijafunguliwa.

Mlango wa kwanza ni haki za watu. Akiwa na deni lililofika muda wake, na mwenye kudai amelitaka, hana ruhusa ya kumwambia asubiri, hali chombo cha ziada kimelala bandani. Kuchelewesha kulipa kwa mwenye uwezo ni dhulma, kama ilivyothubutu katika hadithi sahihi. Na hali kadhalika masurufu ya mke, na ya watoto, na ya wazazi walio mafukara.

Mlango wa pili ni Hija, na huu ndio wanaousahau watu. Wanavyuoni wa Kishafii, walipoeleza ni nani mwenye uwezo wa kuhiji, walisamehe nyumba ya mtu ya kukaa inayomlaiki, hawakumlazimisha kuiuza. Ama mtaji wa biashara, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa hautasamehewa. Hutolewa kwa ajili ya safari. Basi ikiwa mtaji, ambao ndio jembe la mtu, haukusamehewa, itasamehewaje motokaa isiyopandwa, na gari la haja lipo mlangoni? Mtu wa Kibeta ambaye hajahiji, na thamani ya motokaa yake yatosha nauli yake na matumizi yake na ya aliowaacha nyumbani, huyo ni mwenye uwezo. Asijihesabu katika wasioweza. Ni kweli kuwa katika madhehebu haya Hija ni wajibu wenye wasaa, na mtu huweza kuiakhirisha akiwa ameazimia kuitenda. Lakini akifa kabla ya kuhiji, na uwezo alikuwa nao, amekufa hali ya kuasi. Na mauti hayana miadi. Watu wa Bukoba wayajua hayo tangu tarehe 10 Septemba 2016, ilipotetemeka ardhi alasiri kwa kipimo cha 5.9, wakafa watu zaidi ya 10, na nyumba nyingi mno zikaharibika. Hakuna aliyeamka asubuhi ile akijua kuwa wasaa wake umekwisha.

Ama akiwa hana deni, na walio juu yake wameshiba, na Hija amekwisha ihiji, hapo mas'ala huingia moyoni. Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kwa Abu Huraira (R.A.), kuwa Mtume (S.A.W.) aliwagawa wenye farasi mafungu matatu: yuko ambaye farasi wake ni thawabu, naye ni aliyemfunga kwa ajili ya njia ya Mwenyezi Mungu, yuko ambaye farasi wake ni sitara, naye ni aliyemfunga ili ajitosheleze asiombe watu, wala hakuisahau haki ya Mwenyezi Mungu iliyo katika shingo na mgongo wa farasi yule, na yuko ambaye farasi wake ni mzigo wa dhambi, naye ni aliyemfunga kwa fakhari na kujionyesha na kuwafanyia uadui Waislamu.

Na afahamu msomaji fungu la kati. Mwenye farasi yule hakulaumiwa kwa kumfunga. Kilichomsitiri ni kutoisahau haki ya shingo na ya mgongo. Na katika haki ya mgongo ni kumpandisha asiye na kipando. Muslim amepokea kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.), akiwa safarini, aliamrisha mwenye kipando cha ziada ampe asiyekuwa nacho, akataja na aina nyingine za mali, mpaka masahaba wakaona kuwa hapana mwenye haki katika kilichozidi.

Wala wasemao kuwa kupenda chombo chenye kasi ni upuzi mtupu hawakusema kweli. Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi Madina, na ngamia wake Adhbaa alikuwa hashindwi mbio, mpaka akaja bedui na ngamia wake akamshinda. Masahaba wakaona uzito, Mtume (S.A.W.) akawafahamisha kuwa ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kutonyanyuka kitu cha dunia ila hukishusha. Na Nabii Suleiman (A.S.), katika Sura Sad, alionyeshwa jioni farasi wazuri wa mbio. Wafasiri wamekhitalifiana: wako wasemao aliwachinja kwa kuwa walimshughulisha na ibada, na wako wasemao aliwapangusa miguu na shingo kwa kuwapenda. Kwa kauli zote mbili Suleiman ndiye aliyewamiliki farasi, si farasi waliommiliki Suleiman.

Basi jawabu ni hili. Ikiwa iko haki ya mtu, au Hija, iliyozuiliwa na motokaa ile, aiuze. Ikiwa haki zote zimetimizwa, ajiulize: lau asingejua mtu yeyote kuwa anayo, angaliipenda bado? Akiona kuwa mapenzi yake yamo machoni mwa watu, aiuze aiokoe nafsi yake. Na akiona kuwa aipenda kwa uzuri wake na usanifu wake, ni halali kwake kuiweka, kwa sharti ya kuutoa mgongo wake. Viti viwili vyatosha kumpeleka mgonjwa hospitali usiku, na mzee asiyejiweza kwenye sala ya Ijumaa. Akisema, "Itakwaruzwa," amekwisha jijibu mwenyewe ni nani mtumishi na ni nani bwana.

Na akiiuza, asidhani kuwa kuuza ndiko ucha Mungu. Thamani yake ikifika nisabu, nayo ni mithqali 20 za dhahabu, yaani karibu gramu 85, ikakaa mwaka mzima, ina zaka ya 25 katika kila 1,000. Masikini ambaye bandani hakuwa na fungu, sasa analo.

Sura Takathur imekwisha kubashiri kuwa waja wataulizwa juu ya neema. Hapo hapataulizwa bei ya motokaa tu; ataulizwa mtu juu ya mgongo wake, nani aliupanda.

Wallahu aalam. Mwenyezi Mungu Atujaalie mali mikononi, Asiijaalie nyoyoni. Amin.