Msafiri na Mkaazi wa Mirihi

Katika fiqhi, yaani elimu ya hukumu za kisheria katika Uislamu, msafiri na mkaazi hawahukumiwi sawa: msafiri ameruhusiwa kufupisha sala za rakaa nne na kula mchana wa Ramadhani kisha akalipa baadaye, na mkaazi hana ruhusa hiyo. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, anayenuia kukaa mahali siku 4 kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, huhesabiwa mkaazi. Kanuni hii, iliyowekwa zama za ngamia na majahazi, ndiyo inayofichua ugumu wa kuhamia anga za juu, kwa kuwa karibu kila jibu ambalo wanavyuoni wamekwisha kulitoa kuhusu anga ni jibu la msafiri.

Daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alipopelekwa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwezi Oktoba 2007, Ramadhani ikiwa haijaisha, wanavyuoni wa nchi yake walikuwa wamemwandalia mwongozo wa ibada. Kituo hicho huizunguka Dunia kwa dakika 90 hivi, na aliyemo huona jua likichomoza mara 16 katika saa 24, hivyo sala tano, kama zingefuata jua hilo, zingekuwa 80. Mwongozo ulimtaka afuate saa za Baikonur, Kazakhstan, aliporushiwa, na kibla akielekee kadiri ya uwezo wake: kwanza Kaaba, kisha usawa wa juu yake, kisha Dunia nzima, na akishindwa, popote. Sultan Al Neyadi wa Umoja wa Falme za Kiarabu, aliyekaa huko takribani miezi 6 mwaka 2023, naye alijihesabu msafiri. Na ni kweli kwamba mtu anayekwenda kilomita 28,000 kwa saa ni vigumu kumwita mkaazi.

Atakayejenga nyumba Mirihi hana udhuru huo. Sala hazitamsumbua sana, maana siku ya huko ina saa 24 na dakika 39. Mwandamo wa mwezi, unaoanzisha miezi ya Kiislamu, ndio utakaomtatiza, kwa sababu Fobosi, mmoja wa miezi miwili ya sayari hiyo, huizunguka mara 3 hivi kwa siku na huchomoza magharibi. Lakini jambo hilo litamalizwa kwa kufuata kalenda ya Makka, na pengine kwa ugomvi mdogo kuliko ule unaozuka Afrika Mashariki karibu kila Idi.

Kizito zaidi ni uhai wenyewe. Mwaka 2014 mamlaka ya masuala ya Kiislamu ya Falme za Kiarabu ilitoa fatwa ya kukataza safari ya Mirihi isiyo na marejeo, iliyokuwa ikitangazwa na mradi wa Kiholanzi wa Mars One, kwa hoja kwamba kujitia katika hatari kubwa ya kufa bila sababu ya halali kunakaribia kujiua. Wenye mradi walipinga, na mwaka 2019 kampuni yao ikafilisika. Fatwa hiyo ilikuwa ya haki, ila ilimtazama mtu mzima aliyejitolea kwa hiari yake. Mwanachuoni Al-Ghazali alieleza kwamba sharia inalenga kuhifadhi mambo 5, ambayo ni dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Fatwa ilisimama kwenye nafsi, na kizazi hakikuulizwa.

Wanaanga hupoteza zaidi ya asilimia 1 ya uzito wa mifupa ya nyonga kwa mwezi, na mvutano wa Mirihi ni asilimia 38 tu ya ule wa Dunia, huku hewa yake nyembamba ikishindwa kuzuia mnururisho, yaani miale inayodhuru chembe za mwili. Mtoto atakayekulia humo huenda asiweze kamwe kusimama Duniani. Yapo madai kwamba hakuna mtoto anayechagua pa kuzaliwa, hata wa jangwani. Lakini wa jangwani akikua anaweza kuondoka, na huyu atakuwa amefungwa na mwili wake mwenyewe kwa uamuzi wa wazazi. Kwa hiyo watu wazima waende, mradi wawe na chombo cha kuwarudisha, lakini kuzaa huko kusihalalishwe kwa matumaini matupu: mpaka sasa hakuna binadamu aliyewahi kuzaliwa nje ya Dunia.